Jumatatu ya Kubomoa

Mwendesha mashtaka alitaka jalada liwe mezani kwake saa tisa alasiri, na alikwisha kusema kosa analotaka kuliona juu yake: kuua kwa kukusudia. Saa ya ukutani kituoni ilionyesha saa nne kasoro dakika kumi. Inspekta, ambaye askari wa chini yake walimwita Shangazi kwa sababu aliuliza mambo yasiyomhusu, alilifungua jalada kwa mara ya tatu Alhamisi hiyo akalisoma tangu mwanzo, kama mtu anayehesabu nguo alizorudishiwa na dobi.

Mambo yenyewe yalikuwa machache. Kampuni moja ilitengeneza programu inayoiambia mashine ya kando ya kitanda cha hospitali imtie mgonjwa dawa kiasi gani. Jumatatu, saa nane mchana, mhandisi mmoja wa kike alibadilisha jedwali la dozi, na kwenye mstari mmoja akaongeza sifuri isiyotakiwa. Kwa kawaida badiliko kama hilo husimama getini. Mfamasia wa kampuni hulikagua, akiridhika hubonyeza kitufe, ndipo toleo jipya linakwenda hospitalini. Jumatatu hiyo halikusimama popote. Saa kumi na moja jioni mwalimu mstaafu wa kitanda cha sita alitiwa dawa mara kumi ya aliyoandikiwa, na Jumanne alfajiri akafariki.

Mhandisi aliyeongeza sifuri ndiye aliyekuwa ameijenga upya seva yenye geti hilo asubuhi ya siku hiyo hiyo. Tena Ijumaa iliyotangulia ndiye aliyeandika kwenye kundi la simu la ofisi: "Huyu mfamasia na geti lake, siku moja nitaling'oa nilitupe mtaroni." Mwendesha mashtaka alikuwa ameupigia mstari ujumbe huo kwa kalamu nyekundu, mara mbili.

"Limekwisha hilo, Shangazi," Sajini alisema. Alikuwa mtu mzima aliyebakiza miezi saba kustaafu, na kila kesi aliipenda iwe imekwisha. "Mdomo umemponza."

"Mdomo huponza. Lakini geti haling'olewi kwa mdomo. Mlete."

Kwenye benchi la mapokezi alikuwa ameketi mama wa mtuhumiwa tangu saa kumi na mbili, mfuko wa nguo safi magotini. Sajini alipita mbele yake bila kumtazama. Hakuwa mkatili, ila alikuwa na mabinti watatu.

Mtuhumiwa aliingia peku, mikono yote miwili kaiingiza ndani ya sweta. Kazini walimwita Vikombe. Jina hilo lilitajwa ndani ya jalada mara nne bila maelezo, na Shangazi hakupenda kitu kisicho na maelezo.

"Sifuri ni yangu," Vikombe alisema kabla hajaulizwa. "Nimesema jana, nasema na leo. Niliandika mia mbili na hamsini badala ya ishirini na tano. Geti sijaligusa."

"Ulikuwa unalilalamikia."

"Nililalamika kwa sababu lilikuwepo. Kazi yangu ilikaa pale siku tatu inasubiri mtu abonyeze. Nilipotuma jedwali nilijua mfamasia ataliona kwanza. Nisingetuma vile kama ningejua hakuna mtu mlangoni."

"Hiyo seva nieleze kama unavyomweleza mama yako."

Vikombe alifikiri kidogo. "Mama nilimwambia ni bawabu. Na sisi kazini tunaiita hivyo hivyo, Bawabu. Tukiandika kitu, Bawabu anakipokea, anakijaribu, anakifunga kwenye kontena, yaani kifurushi cha programu, anakituma hospitalini. Mwenyewe naye anakaa ndani ya kontena, kwenye kundi la mashine tulizokodi. Hatumjengi kwa mikono. Tumeandika msimbo unaosema awe vipi: nani aingie, ajaribu nini, hata rangi ya ukurasa wa kuingilia. Ukiuendesha ule msimbo, Bawabu anasimama."

"Akifa?"

"Unauendesha tena. Anafufuka yule yule."

"Kila mara?"

"Kila mara. Ndiyo maana tunaandika." Kwa mara ya kwanza alitoa mkono mmoja kwenye sweta. "Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi tunambomoa makusudi, halafu tunamjenga upya, tuone kama maandishi bado yanasema kweli. Tunaiita Jumatatu ya kubomoa. Anayebomoa ni Fundi Mkuu, hampi mtu kazi hiyo. Mwezi huu alikuwa kwa daktari wa meno, akaniandikia nifanye mimi. Bomoa, jenga, usiongeze kitu kwa mkono, kila kitu kimeandikwa. Ujumbe uko kwenye simu yangu, na simu mnayo nyie."

Shangazi alitoa kurasa kumi na moja zilizochapwa. "Msimbo wenyewe ni huu?"

"Ndio."

"Mistari hii iliyoanza na alama ya reli, hii #?"

"Hiyo ni ya watu. Ukitia reli mbele ya mstari, mashine inauruka. Tunaandikiana maelezo, na upuuzi mwingine. Angalia ukurasa wa nne."

Shangazi alifungua ukurasa wa nne. Palikuwa na reli, kisha maneno: *usiguse hapa kabla ya Ijumaa, aliyeandika hajalala*. Hakucheka, lakini aliukunja ukurasa huo pembeni.

"Mbona wanakuita Vikombe?"

"Utaona ukifika," binti alisema. Kisha akauliza kama mama yake amekunywa chai.

*

Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, chumba kimoja kirefu chenye meza sita na madirisha yasiyofunguka vizuri. Kwenye ukuta wa mbele mtu alikuwa amepaka rangi herufi kubwa: KISICHOANDIKWA HAKIPO. Pembeni palikuwa na sinki, birika la umeme, vikombe kumi na viwili vimefudikizwa juu ya kitambaa, na karatasi imebandikwa kwa gundi ya nailoni.

Fundi Mkuu aliwapokea kwa heshima. Alikuwa mwembamba, shati limenyooshwa vizuri, shavu la kushoto limemvimba.

"Pole na shavu," Shangazi alisema.

"Ni jino, Inspekta."

"La lini?"

"Jumatatu asubuhi."

"Lilitoka zima au lilivunjika?"

Sajini aliguna. Fundi Mkuu alisema lilivunjika, ndiyo maana alikaa kwa daktari mpaka saa sita. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kueleza jambo mara nyingi, akaeleza tena. Jumanne asubuhi alikuta Bawabu hana geti, akalirudisha mara moja. Baadaye hospitali ikapiga simu. Hakutaka kumsema mtu vibaya. Yule binti ni fundi mzuri. Tatizo lake ni mkono mwepesi.

"Mwepesi vipi?"

Fundi Mkuu aliwaongoza hadi kwenye sinki. "Hapa tuna sheria moja. Bawabu haguswi kwa mkono. Ukitaka kubadili kitu, badili kwenye msimbo, wenzako wausome, uendeshwe. Ukigusa kwa mkono unaosha vikombe vya ofisi nzima wiki nzima. Orodha ni hii. Jionee mwenyewe."

Orodha ilikuwa ya mwaka mzima na ilikuwa na makosa tisa. Vikombe alikuwa ametokea mara tano. *Nimebadilisha saa ya kuanza kwa mkono, nilikuwa na haraka. Nimezima jaribio moja kwa mkono, nimeshalirudisha.* Shangazi alitoa maelezo ya polisi yenye sahihi ya binti, akayaweka kando ya orodha. Mwandiko ulikuwa mmoja, na ile *h* yenye mkia ilikuwa ile ile.

"Nani huandika hapa?"

"Aliyekamatwa."

"Huyu mara tano alikamatwa na nani?"

Fundi Mkuu alishika shavu. "Yeye hujiandika mwenyewe."

"Mara zote?"

"Mara zote. Wenzake humcheka. Ndipo lilipotoka jina."

Shangazi alirudia orodha kutoka juu, polepole, kidole kikishuka. "Wewe humu hupo."

"Mimi sijawahi."

"Jumanne ulirudisha geti kwa mkono."

"Ilikuwa dharura."

"Bila shaka," Shangazi alisema kwa upole, na Sajini, aliyefanya naye kazi miaka kumi na minne, akasogea karibu kidogo. Shangazi alipozidi kuwa mpole ndipo mambo yalipokuwa yanaharibika kwa mtu.

Walirudi mezani. Fundi Mkuu alisema hapa hakuna siri, kila mstari wa msimbo una mwenyewe, historia inaonyesha nani kauandika na lini. Shangazi alimshukuru. Akamwomba amwonyeshe, kwenye zile kurasa kumi na moja, mahali geti lilipoandikwa.

Fundi Mkuu hakusita. Alifungua ukurasa wa tisa akaweka kidole. "Mistari hii kumi na saba. Hapa inasema toleo lisubiri, hapa inasema mfamasia ndiye aidhinishe."

Shangazi alivaa miwani. Mistari ilikuwa kumi na saba kweli, aliihesabu. Kila mmoja ulianza na alama ya reli.

"Nimeambiwa mstari wenye reli mashine inauruka," alisema.

Pale mezani palikuwa na wahandisi wengine watatu na mfamasia, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Wote waliinama kuutazama ukurasa.

"Itakuwa ameiweka yeye," Fundi Mkuu alisema. "Hizo reli."

"Historia inasema nini?"

Mhandisi mmoja aligeukia skrini yake bila kungoja ruhusa, akaandika maneno mawili matatu. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha maji. "Mistari hii haijaguswa miezi minane," alisema. "Iliingia pamoja na reli zake." Alimtazama mkuu wake, kisha akatazama chini. "Jina ni la Fundi Mkuu."

"Mlikuwa hamjaona?" Sajini aliuliza.

"Tuliona," mhandisi alijibu. "Lakini geti lilikuwepo kwenye skrini kila siku. Tukajua limeandikwa kwingine. Nani atauliza kama kipo kitu anachokiona?"

Fundi Mkuu alikuwa amepata pumzi. "Hata kama, Inspekta. Geti lilikuwepo miezi minane. Muulize yeyote hapa. Jumatatu asubuhi lilikuwepo, na Jumatatu mchana, baada ya huyu binti kumgusa Bawabu, halikuwepo. Kuna aliyeliondoa."

"Hilo ndilo linalonisumbua," Shangazi alisema. Na lilimsumbua kweli. Kitu ambacho hakikuandikwa kilisimama miezi minane katika nyumba inayobomolewa kila mwezi. "Mbomoe."

"Nani?"

"Bawabu. Mbomoe, umjenge hapa, mbele yangu."

"Leo si Jumatatu. Kuna hospitali kumi na tisa zinamtegemea."

"Ifunge kwanza njia ya kwenda hospitalini. Asitume kitu mpaka niseme. Halafu bomoa wewe mwenyewe, kwa mikono yako, ili kesho asije mtu akasema ni mkono wa mwingine."

Fundi Mkuu alifunga njia, mfamasia akahakikisha imefungwa. Kisha akaketi. Sajini alivua saa yake akaiweka mezani, maana hakuiamini ya kwenye skrini.

Kubomoa kulikuwa amri moja. Mistari ilipanda kwenye skrini, ikakoma, na ukurasa wa Bawabu ukaandika kwamba hapatikani. Kujenga nako kulikuwa amri moja. Kundi la mashine lilitafuta nafasi, kontena jipya likaanza kusimama, msimbo ukasomwa ukurasa kwa ukurasa. Kwenye dakika ya pili mtu alikohoa. Dakika nne na nusu kwa saa ya Sajini, ukurasa wa kuingilia ulitokea, wa kijani, kama ulivyoandikwa.

"Tuma kitu," Shangazi alisema. "Kidogo kisicho na madhara."

Mhandisi alibadilisha nukta moja kwenye maelezo ya msaada, akatuma. Bawabu aliipokea nukta. Akaijaribu, akaifunga kwenye kontena, kila hatua ikawaka kijani, moja baada ya nyingine, hadi kwenye njia iliyofungwa, ambako ilikwama kwa sababu ilikuwa imefungwa. Mfamasia alikuwa mbele ya kompyuta yake akingoja kitufe cha kubonyeza. Hakikuja.

"Sioni geti," mfamasia alisema.

"Halipo," Shangazi alisema. "Na hakuna aliyeling'oa, tumekaa wote tunatazama. Binti alifanya Jumatatu hivi hivi, neno kwa neno, kama alivyoagizwa. Halikuwemo."

Sajini aliichukua saa yake, akaivaa tena polepole. Kesi yake iliyokwisha ilikuwa imeanza upya, na kwa mshangao wake mwenyewe hakuchukia.

Mfamasia aligeuza kiti kumkabili Fundi Mkuu. Alionekana kama mtu aliyekumbuka sufuria jikoni. "Ndiyo maana hukunipigia," alisema.

"Akupigie nini?" Shangazi aliuliza.

"Kila Jumatatu ya kubomoa akishajenga hunipigia kwenye simu ya mezani. Ananiambia, hebu angalia, unaliona geti? Namwambia naliona. Basi, anakata. Nilidhani ni uangalifu wake. Jumatatu hii hakupiga, nikasema ni jino."

"Miezi mingine amewahi kukosa?"

"Hata mmoja."

"Simu huja muda gani baada ya Bawabu kusimama?"

"Dakika kumi. Robo saa."

Shangazi alimgeukia yule mhandisi wa historia. "Bawabu anaandika nani ameingia ndani yake na saa ngapi?"

"Kumbukumbu za kuingia zinakaa nje yake, hazibomoki. Zipo."

"Zisome. Jumatatu za kwanza tu, tangu miezi minane iliyopita. Nani aliingia kwa ufunguo wa msimamizi baada ya kujengwa."

Zilikuwa saba. Mhandisi alizisoma kwa sauti isiyopanda wala kushuka, na Sajini aliziandika kwenye kidaftari chake, moja chini ya nyingine. Kila moja ilikuwa na ufunguo mmoja, wa Fundi Mkuu, dakika sita, nane, saba baada ya Bawabu kusimama. Mwezi huu Jumatatu haikuwa na mtu. Jumanne ilikuwa naye, saa kumi na mbili na dakika nane asubuhi.

"Njoo tukae kule," Shangazi alimwambia Fundi Mkuu, akaonyesha upande wa sinki, kwa sababu hakukuwa na chumba kingine.

*

Hakukana. Labda alikuwa amechoka na jino, labda na ile miezi minane. Aliegemea sinki akaongea akitazama vikombe.

Hospitali zilikuwa zinaleta wakaguzi. Walitaka hatua zote za usalama ziwe zimeandikwa kwenye msimbo, na walitaka cheti chenye sahihi. Aliliandika geti siku mbili mfululizo. Kila alipoendesha, Bawabu alikataa kusimama. Asubuhi ya ukaguzi alitia reli kwenye mistari yote kumi na saba, Bawabu akasimama, akaingia kwa ufunguo wake akaliweka geti kwa mkono. Lilichukua dakika sita. Wakaguzi waliliona, wakafurahi, yeye akatia sahihi kwamba limeandikwa.

"Ungewaomba wenzako msaada," Shangazi alisema.

"Mimi ndiye niliyepaka yale maneno ukutani."

"Naona."

"Nilikuwa niandike wiki inayofuata. Halafu ikaja Jumatatu ya kubomoa, nikaliweka tena kwa mkono. Halafu ikaja nyingine. Ukishaficha mara mbili, ya tatu inakuwa kazi ya kila mwezi kama kazi nyingine."

"Jumatatu hii ulikumbuka saa ngapi?"

"Ganzi ilipoisha. Saa moja jioni." Sauti ilimpungua. "Nikasema kesho mapema. Sikujua kuna jedwali la dozi limepita. Naapa sikujua. Saa kumi na mbili nikaliweka. Saa mbili hospitali wakapiga."

"Na saa tatu ukatupigia sisi."

"Sikusema ameling'oa yeye."

"Ulisema nani alimjenga Bawabu Jumatatu. Kisha ukatupa ujumbe wake wa Ijumaa, hatukuuomba. Kisha ukatuonyesha orodha hii." Shangazi alikuwa amekasirika sana sasa, na sauti yake ilikuwa laini kama ya mtu anayemlaza mtoto. "Mara tano amejiandika. Ukazichukua hizo mara tano ukamfunga nazo."

Fundi Mkuu alifungua bomba, akaosha kikombe ambacho hakikuwa kichafu, akakifudikiza mahali pake. Sajini alimwachia amalize.

"Mficha maradhi kifo humfichua," Sajini alisema wakishuka ngazi, Fundi Mkuu katikati yao.

"Kifo chenyewe cha mtu mwingine," Shangazi alijibu.

*

Mwendesha mashtaka alisikiliza simu bila kumkatiza, jambo alilolifanya mara chache. Ilikuwa saa nane na nusu.

"Cheti cha uongo, kuficha ushahidi, kumsingizia mtu," alisema mwishoni. "Na kusababisha kifo kwa uzembe. Nzuri. Inasimama. Binti mwachie."

"Atabaki shahidi."

"Wa geti tu. Ile habari ya sifuri iache nje ya maelezo yake mapya. Wakili wa huyu bwana ataikamata sifuri ataitembeza mahakama nzima, hakimu achanganyikiwe nani kaua nani. Wala binti hataumia. Mpe maelezo mafupi, atie sahihi, aende kwao."

Shangazi alisema ameelewa, kwa maana kweli alielewa. Aliandika maelezo mafupi, nusu ukurasa, yenye geti na yasiyo na sifuri.

Vikombe alirudishiwa viatu, mkanda, funguo na simu kwenye meza ya mapokezi. Mama yake alikuwa ameinuka, mfuko mkononi, akimshika binti bega, kisha shingo, kisha bega tena, kama anayetafuta palipovunjika.

"Umekonda," alisema.

"Siku moja tu, mama."

Shangazi alimweleza kwa maneno machache: reli kumi na saba, siku mbili za kushindwa, simu za mfamasia, Jumatatu saba. Vikombe alisikiliza huku akifunga kamba za viatu. Shangazi alipofika kwenye zile Jumatatu, binti aliacha kufunga.

"Miezi yote hiyo alikuwa ananiambia nioshe vikombe," alisema. Halafu akauliza, "Mlipombomoa leo, geti liliwekwa tena?"

"Halijawekwa. Njia ya hospitali imefungwa."

"Isifunguliwe. Kesho nitaliandika. Siku mbili alishindwa kwa sababu hakutaka kuuliza."

"Kesho utalala," mama yake alisema.

Shangazi alimsogezea karatasi na kalamu. Vikombe alisoma yote, tangu juu, kama mtu aliyefundishwa kutotia sahihi kitu ambacho hajakisoma. Akafika mwisho, akageuza nyuma. Nyuma palikuwa patupu.

"Sifuri iko wapi?"

"Haihitajiki," Shangazi alisema. "Umeachiwa. Mwendesha mashtaka ameona ni heri isiwemo, na kwako pia ni heri. Tia sahihi, mwanangu, uende."

Mama alimtazama Shangazi, kisha binti yake. Alikuwa amekaa kwenye benchi lile saa nane na ushee, na mlango ulikuwa hatua sita kutoka hapo. "Sikiliza wakubwa," alisema kwa sauti ndogo.

Vikombe hakuondoa macho kwenye karatasi. "Yule mwalimu alikuwa na watoto?"

"Binti mmoja. Umri kama wako."

"Ataambiwa kilichomuua baba yake ni geti."

"Ni kweli kilikuwa geti."

"Geti lilikuwa limzuie mtu aliyekosea. Aliyekosea ni mimi." Alirudisha kalamu mezani, bila hasira. "Iandikeni. Nisipoiona humo siweki sahihi, hata nikirudi kule ndani."

Sajini alitazama saa ya ukutani, ikawa saa tisa kasoro robo, akatazama pembeni. Mama aliketi tena kwenye benchi. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, lakini hakusema neno la kumzuia mwanawe.

Shangazi aliivuta karatasi. Angeweza kubishana, na alijua hoja tatu za kumshinda. Aliandika kwa mkono wake, chini ya mistari iliyokwisha kuwepo, kwamba siku ya Jumatatu saa nane mchana mhandisi huyu aliandika mia mbili na hamsini mahali pa ishirini na tano. Akaongeza kwamba amelisema mwenyewe, bila kuulizwa. Vikombe alisoma sentensi zote mbili, akatia sahihi, na ile *h* ikatoka na mkia wake.

Kisha akamchukulia mama yake mfuko, wakatoka.